Chuma Hakikudumu Chenyewe: Hotuba kuhusu Teksi za Zamani za Moshi na Arusha

Hotuba hii ilitolewa mjini Moshi mbele ya madereva na mafundi wastaafu pamoja na familia zao. Inatolewa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, akina mama, madereva na mafundi mliostaafu, na ninyi mnaosema mmestaafu huku mikono yenu bado inanuka grisi, vijana mliowasindikiza babu zenu hadi hapa: shikamooni wakubwa wangu wote, na wadogo zangu nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie magari yaliyokuwa teksi zetu kabla ya vifodi, yale mabasi madogo, kabla ya Noah, kabla ya bajaji na bodaboda. Nimelikubali ombi hilo kwa furaha, kwa sababu nililelewa ndani ya magari hayo. Baba yangu mkubwa alikuwa na Peugeot 404, ile ndefu yenye safu tatu za viti, iliyofanya kazi kati ya Moshi na Arusha, na baadaye akapata 504. Likizo zangu za shule ziliishia juu ya keria nikifunga mizigo kwa kamba za katani. Baadaye nikawa mwalimu wa ufundi wa magari, kwa hiyo magari hayo nimeyajua kutoka juu na kutoka chini yake.

Hata hivyo, sikuja kusifu tu. Kila wazee wa barabara wanapokutana, kuna sentensi moja ambayo haikosi kusemwa, na leo nimeisemewa mlangoni kabla sijavua kofia: magari ya zamani yalikuwa chuma, ya siku hizi ni makopo. Ndugu zangu, je, ni kweli? Ni kweli nusu. Nusu ya pili imekaa kwenye viti hivi mbele yangu, na hiyo ndiyo iliyonileta.

Tuipe kwanza nusu ya chuma haki yake. Peugeot 404 ilianza kuundwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na 504 ikafuata mwaka 1968. Lakini ni nani kati yenu aliyenunua gari kwa sababu ya mchoraji wa Italia? Watu wetu walizinunua gari hizo kwa sababu walizisikia na kuziona zikishinda. Yale mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, katika miaka hiyo yalipita kwenye ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara zile zile ambazo teksi na malori yetu yalizitumia, na katika msimu ule ule wa mvua. Mwaka 1963 mashindano yalikuwa magumu kiasi kwamba magari 7 tu yalifika mwisho, na lililotangulia lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo kwa 404 akiwa na Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ikarudi kwa nguvu, yakamaliza tena magari 7 tu, na aliyeshinda akawa Nowicki yule yule, kwa 404 tena.

Niambieni, tangazo gani la biashara lingeweza kushindana na habari hiyo? Baba mkubwa alikwenda kununua gari lake lililokwisha kutumika, akiwa na fedha za kahawa za misimu kadhaa, na mwenye gari alipoanza kumweleza habari za injini, alimkatiza kwa adabu, akamwambia kwamba injini ameshaisikia redioni, sasa aoneshwe viti.

Na kweli viti ndivyo vilivyokuwa biashara. Katika 404 gia ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo sakafu ya mbele ilikuwa wazi na abiria wawili waliweza kukaa pembeni mwa dereva bila kugombana na rungu la gia. Nyuma yao safu ya watatu, na nyuma yao tena safu ya watatu. Ile 504 ndefu ilikuwa na umbali wa meta 2.9 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na huko nyuma ilikuwa na ekseli nzima iliyobebwa na springi nne, mbili kila upande. Zile springi nne ndizo zilizobeba ndizi za Marangu, vitunguu, magunia ya mahindi, vitanda vya chuma, na mara moja, kwa macho yangu, kengele ya kanisa. Halafu kulikuwa na jambo dogo ambalo leo hakuna mtengenezaji anayelifikiria: tundu la kuingizia hendeli kwa mbele. Betri ikifa, gari halikufa. Utingo alishuka, akachomeka hendeli, akapiga. Ninyi mliowahi kupiga hendeli mnajua kwamba kidole gumba hakizungushwi kwenye mpini, kinalazwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke, gumba ndilo linalovunjika. Naona mzee mmoja pale anatuonesha la kwake. Asante, mzee wangu. Huo ni ushahidi unaozidi picha zangu zote.

Basi hicho ndicho chuma. Sasa nauliza: chuma hicho kilijaza chenyewe maji kwenye rejeta? Kilijibadilishia chenyewe plagi?

Turudi kwenye miaka ambayo vijana wetu wanaisoma vitabuni. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mwanasiasa hiyo ilikuwa habari ya mikataba. Kwa dereva wa teksi wa Arusha ilikuwa habari ya klachi. Nairobi, ambako vipuri vya Peugeot vilipatikana dukani, iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, si kwa umbali wa nusu saa bali kwa mamia ya kilometa, na kwa siku moja ikawa ng'ambo ya lango lililofungwa. Teksi zilizokuwa zikiishi kwa safari ya Namanga, pale mpakani, zikakosa safari. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera, na mafuta, magari na fedha za kigeni vikaelekezwa huko, kama ilivyopasa. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili. Mnakumbuka pia Jumapili zile ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, na watu waliokwenda kwenye harusi wakawa wanaitazama saa kuliko wanavyomtazama bibi harusi.

Tairi likawa kitu cha kibali. Baba mkubwa aliishi hadi uzee wake akilicheka jambo moja: kiwanda cha General Tyre kilikuwa Arusha kwenyewe, tuliwapandisha na kuwashusha wafanyakazi wake, lakini tairi jipya tuliliona kwa nadra sana. Kiwanda hakikuwa na lawama katika hilo. Tairi hutaka malighafi kutoka nje, malighafi hutaka fedha za kigeni, na fedha za kigeni nchi haikuwa nazo. Kwa hiyo tulitembelea vipara, na kipara kilipotoboka tuliweka ndani yake kipande cha tairi jingine lililokufa, tukaendelea.

Katika miaka hiyo, pale Majengo, kulikuwa na fundi ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sijaomba ruhusa kwa familia yake, ingawa wengi wenu mmeshamtambua. Hakuwa na karakana yenye paa. Alikuwa na mti, jeki mbili na sanduku la spana. Siku moja 404 yetu ilianza kumwaga maji kwenye pampu, na gasketi yake, ile ya kuziba maungio ya vyuma, haikuwepo Moshi wala Arusha. Fundi alichukua boksi la sabuni lililobaki dukani, akailaza karatasi yake ngumu juu ya mdomo wa pampu, akawa anaigonga polepole kwa kichwa cha nyundo akifuata kingo za chuma, hadi kingo zenyewe zikaikata karatasi kwa umbo kamili, matundu ya bolti yakiwa mahali pake. Akaipaka grisi pande zote mbili, akafunga. Gari lilifika Arusha. Likarudi. Likaenda tena, na gasketi ile ya boksi ikatuvusha masika nzima.

Nilikuwa mtoto, nikamwuliza kwa nini basi asitengeneze kwa boksi na gasketi ya silinda hedi, ambayo watu walikuwa wakiitafuta kwa machozi. Alinijibu bila kucheka kwamba kwenye pampu kuna maji tu, lakini kwenye hedi kuna moto unaolipuka, na karatasi haiwezi kushindana na mlipuko. Miaka mingi baadaye nilifundisha somo hilo hilo darasani, kwa michoro na kwa vipimo vya mgandamizo, na sikuwa na maneno bora ya kulianzia kuliko hayo.

Fundi huyo alisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha yake ikiwa kwenye chuma na mpini wake sikioni, na aliweza kukuambia ni silinda ya ngapi inayogonga. Pengo la pointi za distribyuta alilipima kwa kipande cha boksi la kiberiti. Wapo wanaosema huo ulikuwa ubabaishaji. Mimi nasema mbabaishaji ni yule asiyejua mahali ambapo boksi linafaa na mahali ambapo boksi linaua. Yeye alijua. Je, chuma kilijua?

Vipuri vingine, tusidanganyane, vilipita Holili, mpakani na Kenya, usiku. Sitauliza nani alivibeba. Nitasema tu kwamba naona wazee watatu wameinamisha vichwa kwa pamoja, na ninawaombea afya njema.

Sasa nitasema jambo ambalo halitamfurahisha kila mtu, lakini nisipolisema nitakuwa nimewaibia vijana nusu ya historia. Magari yale yaliua. Yaliua kwa sababu ya uhaba ule ule tunaojivunia kwamba tuliushinda. Mafuta ya breki yalipokosekana, wapo walioweka maji ya sabuni. Mnakumbuka. Pedali ilisimama vizuri, gari lilisimama vizuri pale stendi, na abiria hawakujua lolote. Tatizo lilikuwa mteremkoni. Breki zikitumika mfululizo hupata moto mkali. Mafuta halisi ya breki huvumilia joto linalozidi nyuzi 200, lakini maji huchemka kwenye nyuzi 100, tena katika miinuko yetu hii huchemka mapema zaidi, na yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, mguu unazama hadi sakafuni, na magurudumu hayana habari.

Hayo yalitokea kwenye mteremko wa kutoka Marangu kuja Himo, kwa dereva tuliyemfahamu vizuri, gari likiwa limejaa watu waliotoka msibani. Mtu yule alikuwa na akili ya haraka: alirudisha gia moja, akarudisha nyingine, injini ikapiga kelele za kuomba msaada, kisha akalisugua gari ubavu mzima kwenye ukingo wa udongo hadi likalala kwenye migomba. Hakuna aliyekufa siku hiyo. Mama mmoja alivunjika mkono, na gari halikurudi barabarani. Tangu hapo baba mkubwa alikuwa akiegesha gari lake nyumbani, siku nzima au wiki nzima, ikiwa mafuta halisi ya breki hayapo, na wenzake walimcheka stendi kwamba anaacha fedha zikipita. Aliwaacha wacheke.

Ilikuwepo na tabia ya kuachia gari mteremkoni, injini ikiwa imezimwa, ili kuokoa petroli. Mimi niliipenda nikiwa mdogo, kwa sababu gari lilikuwa kimya na upepo ndio uliosikika. Leo najua kwamba gari lenye breki za kusaidiwa na mvuto wa injini, ukilizima, unamnyang'anya dereva msaada huo pale pale anapouhitaji. Na hakukuwa na mikanda, na mahali pa watu wanane tulikaa kumi na wawili, watoto wakiwa mapajani bila kuhesabiwa. Kwa hiyo mjukuu wako akikuambia kwamba kigari chake cha Kijapani ni salama kuliko 404 yako, babu, usimkatalie. Anasema kweli. Tukikana hilo tunawadhulumu waliokufa ndani ya magari yale, na baadhi yao wana ndugu humu ukumbini.

Lakini mbona basi watu waliyapenda? Mbona mtu mzima, mwenye heshima zake, akiona 504 kuukuu inapita hugeuza shingo?

Nadhani ni kwa sababu ya yaliyokuwa yakitendeka kati ya mlango na mlango. Gari lilikuwa haliondoki mpaka lijae, na kujaa kulichukua saa moja, wakati mwingine saa tatu. Muda huo haukupita bure. Mpiga debe aliita Arusha, Arusha, na kila aliyefika alikuta mahali pake pamekwisha kuamuliwa bila tangazo. Mzee alipelekwa mbele. Mama mjamzito alipelekwa mbele, na mzee akahamia safu ya kati bila kuambiwa. Vijana tulipelekwa nyuma kabisa, magoti yakiwa kidevuni. Mtu aliyetaka kukaa mbele kwa sababu ya fedha zake alijibiwa na abiria wenyewe kabla dereva hajafungua mdomo. Hatukuhitaji maandishi ukutani.

Na mizigo! Hapa nikiruhusiwa nitakesha. Kulikuwa na mizigo yenye mwenyewe na mizigo isiyo na mwenyewe. Mizigo yenye mwenyewe ilikuwa shughuli ya utingo, na kila mzigo ulikuwa na sheria yake: kuku walining'inizwa pembeni na si chini ya magunia, mikungu ya ndizi ililazwa kuelekea nyuma, na mbege, pombe yetu ya ndizi, haikufungwa kifuniko kikakaza. Sheria hii ya mwisho niliielewa siku moja karibu na Boma Ng'ombe, kwenye jua la saa nane. Mama mmoja alikuwa amepeleka mbege ya posa, na mtu wa mjini aliyekuja naye, kwa wema wake wote, alilikaza dumu hilo kwa nguvu ili lisimwagike. Mbege haijui kwamba imefungiwa. Inaendelea kuchacha na kutoa hewa. Dumu lilipasuka kwa kishindo, baba mkubwa akadhani ni tairi, akasimama, akazunguka gari akikagua magurudumu yote manne, huku mbege ikimchuruzikia kwenye kofia. Posa ile ilikwenda na nusu dumu, na wakwe wakaipokea baada ya kusimuliwa. Ndoa ilifungwa.

Mizigo isiyo na mwenyewe ndiyo iliyonifundisha dereva alikuwa nani. Asubuhi, kabla ya abiria, walikuja watu wasiosafiri. Huyu ana bahasha ya ada ya mtoto anayesoma Arusha. Huyu ana dawa, na huyu ana barua isiyo na anwani, yenye neno moja tu la jina na maelezo ya mdomo: mpe mtu wa duka la pili baada ya daraja. Wapo waliokuwa na mgonjwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na watu wa njia ya Arusha walituma chakula kwa dereva, na dereva aliwapelekea wagonjwa, au alimtuma utingo, yaani mimi, kukimbia na mabakuli. Hakuna aliyepewa risiti. Hakuna aliyeandika. Leo tuna M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, na fedha inafika kabla hujameza mate, na mimi naishukuru. Sitaki kurudi kwenye bahasha. Lakini naomba tukumbuke kwamba kabla ya kampuni yoyote ya simu kulikuwa na mtandao wa kutuma fedha kati ya Moshi na Arusha, na mtandao huo ulikuwa wanaume kadhaa waliovaa makoti ya kaki na kujuana kwa majina.

Uaminifu huo ulikuwa na sababu zake, nao haukuanguka kutoka mbinguni. Dereva aliishi kwenye njia yake. Bahasha ikipotea Tengeru, kesho atapita Tengeru. Ikipotea Usa River, atapita Usa River, asubuhi na jioni, na mama wa bahasha atakuwa amesimama pale pale na majirani zake. Barabara ile ya kilometa 80 hivi ilikuwa na macho kila kituo: Maji ya Chai, Kikatiti, King'ori, Kwa Sadala. Dereva wa leo anaweza kuwa deiwaka aliyeshika usukani kwa siku moja, anayetafuta hesabu ya tajiri, na kesho yuko njia nyingine. Simlaumu. Nasema tu kwamba hata malaika ukimpa kazi kwa siku moja, hutamjua.

Kuhusu mwisho wa magari hayo nitapita haraka, kwa sababu mwisho wake haukuwa na siri. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizo nazo wenyewe, na milango ikazidi kufunguka baada ya 1985. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kuja, na yalikuwa na faida ambayo sehemu kubwa ya Ulaya haikuwa nayo: Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande wetu tayari. Hiace ilibeba watu wengi kuliko 504 kwa safari moja, na vipuri vyake vikajaa madukani. Ufaransa ilikuwa imeacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, ingawa Nigeria iliendelea nayo hadi karne hii. Huko mjini, teksi za Datsun na 404 fupi zilizokuwa zikisubiri treni pale stesheni ya Moshi, au watalii pale Mnara wa Saa Arusha, zikaondoka moja moja, zikaja Corolla nyeupe zenye mstari ubavuni. Hakuna aliyezifukuza Peugeot. Hesabu ndiyo iliyozifukuza. Baba mkubwa aliuza 504 yake kwa mtu wa vyuma, akaenda kulima, na hakutaka kwenda kutazama ikikatwa.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye shauri langu, maana waandaaji wananionesha saa. Wapo vijana wenye mapenzi mema wanaotafuta Peugeot moja nzima ili waipake rangi na kuiweka mahali watu waione. Waitafute, nitawasaidia. Lakini gari lililopakwa rangi litatueleza kuhusu chuma, na chuma nimeshasema ni nusu. Gari lenyewe halitatueleza jinsi gasketi inavyokatwa kwa kingo za pampu. Halitatueleza nani alikaa mbele na kwa nini. Halitatueleza nani alilipa fidia ya yule mama aliyevunjika mkono, jambo ambalo lilisuluhishwa kwenye baraza la wazee wa ukoo na wala halikufika mahakamani, na ambalo watu wawili tu walio hai wanalijua kikamilifu. Wote wawili wamo humu, na hawaketi upande mmoja.

Kwa hiyo ninaomba vitu vidogo. Leteni madaftari ya hesabu, hata yaliyoliwa na mchwa. Leteni leseni za zamani, vibali vya tairi, risiti za mafuta, picha za harusi ambazo gari linaonekana nyuma ya bibi harusi. Ninyi vijana, mna simu zinazorekodi. Msimwulize babu swali la jumla kwamba zamani ilikuwaje, kwa sababu atawajibu kwa jumla kwamba zamani ilikuwa nzuri. Mwulizeni klachi ilibadilishwaje bila shimo la gereji. Mwulizeni siku mvua ilipomkuta Kibosho alifunga nini kwenye magurudumu. Mwulizeni nani alimdai na hakumlipa. Hapo atakaa vizuri kwenye kiti. Na anzeni na mafundi kabla ya madereva, nawaomba mnisamehe madereva, kwa sababu ninyi mmezoea kusimulia na habari zenu zimeshasambaa, lakini fundi alikuwa chini ya gari, na aliyeko chini ya gari haulizwi chochote isipokuwa ni lini atamaliza.

Daftari la kuandika majina na vitu mlivyo navyo liko mezani karibu na mlango, na binti yangu atawasaidia kuandika wale ambao macho yamechoka. Tumekubaliana na waandaaji kwamba hakuna kitu kitakachochukuliwa moja kwa moja. Tutakipiga picha na kukirudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Isipokuwa hendeli. Mwenye hendeli ya 404 asiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hajaonana na mimi. Bei wanayotoa kwa kilo naijua, na nitaongeza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.